Punje 108

Andika neno "tantra" kwenye simu yako, na kabla hujateremka mbali kioo kitajaa mishumaa, chupa za mafuta ya kukandia na wapenzi wanaokodoleana macho bila nguo za kutosha. Kwa msomaji wa Bujumbura, mji ambao Jumapili asubuhi njia zake hujaa familia zinazokwenda kanisani na Ijumaa adhuhuri Buyenzi hugeuka mtaa wa kanzu na kofia, picha hiyo inatosha kuyamaliza mazungumzo. Huyu atasema ni uhuni wa Wazungu. Yule atasema ni mapepo ya Kihindi. Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: wanaamini kwamba tantra ni kitu ambacho hakijawahi kupita karibu nao. Mimi nadai kinyume. Kiini cha yoga ya tantra ni kutumia pumzi, sauti, viungo na taswira ya moyoni ili kumfinyanga mtu upya, na kazi hiyo Warundi wanaifahamu kwa majina yao wenyewe. Kinachostahili kuogopwa katika tantra ni kitu kingine, nacho hakimo kitandani wala kuzimu. Kimekaa kwenye kiti cha mwalimu.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na mzizi wake, tan, una maana ya kunyoosha na kutandaza. Zamani lilitajwa hata kwa nyuzi za mfumaji, na kwa sadfa tu, bila undugu wowote wa lugha, mfumaji wa Kiswahili naye hutanda nyuzi zake, na zile za urefu huziita mtande. Kitabu cha mafundisho kikaitwa tantra kwa kuwa ni mtande ambao mengine yote hufumwa juu yake. Vitabu vya namna hiyo vilianza kuonekana India yapata karne ya 5 na ya 6 baada ya Kristo, miongoni mwa waja wa Shiva na wa mungu wa kike, kisha kwa Wabudha, ambao waliyafikisha mafundisho yao hadi Tibet. Kilele cha fikra hiyo kilikuwa Kashmir, karibu na mwaka 1000, kwa mwanazuoni Abhinavagupta, mwandishi wa kitabu kikubwa kiitwacho Tantraloka. Watawa wengi wa India waliotangulia waliuona mwili kama gereza: ufunge, uuchoshe, uukimbie. Watu wa tantra walikuja na hoja nyingine. Kama uungu umeenea kila mahali, basi umo pia katika damu, katika hofu, katika njaa na katika hamu, na mwenye akili hatupi chombo ambacho kinaweza kumvusha. Kitabu kimoja chao, Vijnana Bhairava, kinataja njia 112 za kumfikisha mtu huko, na nyingi ni za kawaida mno: kutulia katika ile nukta ambapo pumzi imeshaingia na haijaanza kutoka, kuisikiliza sauti ya ala ya muziki mpaka inapofifia, hata kuitumia ile hali ya mwili mtu anapopiga chafya au anapotishika.

Kulikuwa na upande wa kijamii pia, ambao hausemwi sana. Mikondo kadhaa ya tantra iliwafungulia mlango wa mafunzo wanawake na watu wa tabaka za chini, jambo ambalo Wabrahmani wahafidhina hawakulipenda. Huko Kashmir katika karne ya 14 mmoja wa walioshika njia ya yoga hiyo alikuwa mwanamke, Lalla, mshairi ambaye mpaka leo anaheshimiwa na Wahindu na Waislamu wa bonde lile.

Tukitaka kuliona jambo lenyewe kwa karibu, tumtazame mtu anayeanza ibada ya tantra ya Kihindu. Amekaa chini, mgongo umenyooka. Kwa ncha za vidole anagusa kifua palipo moyo na kutamka silabi, anagusa kichwa, anatamka nyingine, anagusa utosi, anapishanisha mikono na kuyashika mabega yake kama askari anayevaa deraya, anagusa macho, mwisho anapiga vidole viwili kwenye kiganja, ta!, kukifukuza kinachosumbua. Kitendo hiki kinaitwa nyasa, maana yake kuweka: kila palipoguswa pamewekwa jina, na mwili uleule uliotoka sokoni na jasho lake sasa ni hekalu lenye vyumba. Baada ya hapo pumzi huvutwa kwa tundu moja la pua na kutolewa kwa jingine. Mbele yake huenda kuna yantra, mchoro wa ibada. Ulio maarufu kuliko yote una pembetatu 9 zinazokatana mpaka zikazaa ndogo 43. Moyoni anajenga sura ya mungu, rangi kwa rangi, kito kwa kito, halafu anaiyeyusha mpaka isibaki kitu. Na katika yote hayo mantra inazunguka, ikihesabiwa kwa mala, shanga zinazofanana na tasbihi, zenye punje 108. Iko na ya ziada, kubwa kidogo, ambayo hesabu ikiifikia haivukwi. Mwenye kuhesabu huigeuza mala na kurudi alikotoka. Wapo wanaoiita punje hiyo Meru, kwa jina la mlima, na wapo wanaoiita guru.

Sasa twende kwenye ngoma. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao sanaa yao iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu usioshikika, hawaiiti ngoma yao chombo tu. Ngozi ya juu ni icahi, jina la ile ngozi ambayo mama wa zamani alimbebea mtoto mgongoni. Vigingi vinavyoikaza ni amabere, matiti. Pipa la mti ni inda, tumbo, na kule chini kuna umukondo, kitovu. Na neno lenyewe, ingoma, kwa Kirundi ni ngoma na pia ni utawala: mfalme alikuwa na ngoma yake takatifu, Karyenda, iliyokuwa na walinzi na ibada zake. Mtu anayeweka jina la mwili wa mama katika kila sehemu ya mti uliochongwa, na mtu anayeweka jina la mungu katika kila sehemu ya mwili wake, hawakukutana kamwe. Lakini wanafanya kazi moja, ya kukifanya kitu kinachoshikika kwa mkono kibebe kisichoshikika, na hakuna mwenye haki ya kumwita mmoja msanii na mwenzake mchawi kabla ya kueleza tofauti iko wapi.

Kuhusu pumzi, lugha zetu zilishayasema mengi. Waprotestanti wa Burundi humwita Roho Mtakatifu Mpwemu Yera, na impwemu ni pumzi kabla ya kuwa roho. Kiswahili kilichukua nafsi kutoka Kiarabu, ambako nafsi na pumzi ni neno na nduguye. Kisanskriti kina prana. Katika zikiri ya Qadiriyya, tarika iliyosafiri kutoka pwani hadi Ujiji na kufika ufukwe huu wa Tanganyika, jina la Mwenyezi Mungu huanza kwa sauti kamili, kisha hukatwa na kukatwa tena, mpaka kinabaki kishindo cha pumzi tupu, safu ya watu ikiinama na kuinuka kwa pamoja. Na hata asiye mtu wa dini anaijua nguvu hii kutokana na spoti ya mwisho wa wiki, makundi yanayopanda milima ya Bujumbura mbio kwa wimbo: mmoja anatoa, wengine wanaitikia, na wimbo ndio unaoamua mguu uanguke lini na kifua kijae lini. Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama cha upinzani kupambana na polisi, serikali iliziwekea mipaka mbio hizo za makundi kwa hofu kwamba zinaficha maandalizi ya uasi. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule, ila sidhani kama waliouchukua walikuwa wanaogopa misuli ya watu. Waliogopa kile kinachotokea mamia wanapovuta pumzi moja.

Mpaka hapa mpinzani wangu ana haki ya kusema kwamba kufanana si ushahidi. Jogoo na saa ya ukutani navyo hutangaza alfajiri. Kwa hiyo tuangalie vipimo. Mwaka 2001 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake. Walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapima moyo, pumzi na mzunguko wa damu wakati wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kisha wakati wakitamka "om mani padme hum", mantra ya Wabudha wa tantra. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Rozari na mantra, zilizozaliwa mbali sana, zote zilizishusha pumzi hizo hadi karibu 6, na kwa mwendo huo mfumo wa mwili unaosawazisha msukumo wa damu ukafanya kazi vizuri zaidi. Siri iko katika urefu wa maneno: nusu ya sala inasemwa na mwongozaji, nusu na waamini, na duara zima linachukua takriban sekunde 10. Mama anayesali rozari jioni katika kanisa la mtaa wake, punje kwa punje, anafanya kwa kifua chake jambo ambalo mtawa wa Tibet anafanya kwa chake. Anamwomba mwingine kabisa, hilo halina ubishi. Mapafu hayajui.

Isidhaniwe kwamba tantra ni namna ya kujiliwaza tu. Hapa ndipo matangazo ya hoteli na nyumba za masaji yanapopotosha zaidi kuliko hata ya ngono, kwa kuwa yanauza utulivu. Wabudha wa Tibet wana zoezi la tantra liitwalo tummo, moto wa ndani: pumzi inashikiliwa chini ya kitovu kama maji ndani ya mtungi, na moyoni mtu anawasha taswira ya mwali unaopanda uti wa mgongo. Mwaka 1982 Herbert Benson wa Harvard aliripoti katika jarida la Nature kwamba watawa watatu aliowapima walipandisha joto la vidole vyao vya mikono na miguu kwa hadi nyuzi 8.3 za Selsiasi. Mwaka 2013 Maria Kozhevnikov na wenzake walipima joto la ndani la mwili na kukuta kwa baadhi ya watendaji likifika 38.3, yaani mpaka wa homa, bila ugonjwa. Jambo la kuvutia ni mgawanyo wa kazi walioueleza: pumzi ndiyo inayozalisha joto, taswira ndiyo inayosaidia kulidumisha. Hiyo ni hali ya kuamka, karibu na ya mpiga ngoma anayeruka hewani na fimbo zake, na iko mbali na usingizi. Walioandika vitabu vya tantra walisema hivyo karne nyingi kabla ya kipimajoto.

Nakubali haraka kwamba watawa watatu ni wachache, na watu 23 si wengi. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba kuna nyoka aitwaye kundalini amejikunja chini ya mgongo akisubiri kuamshwa, wala kwamba kuna magurudumu ya chakra kifuani na kooni. Na kuhusu chakra nisimame kidogo, maana hapa ndipo wanaponunua watu. Vitabu vya kale havikukubaliana hata juu ya idadi yake. Kimoja kinataja tano, kingine sita, kingine zaidi. Mpango wa sita na moja juu ya utosi ulipata umaarufu wa dunia kwa sababu ya kitabu kimoja cha Bengal cha mwaka 1577, ambacho jaji Mwingereza wa Mahakama Kuu ya Calcutta, John Woodroffe, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1919 akitumia jina la bandia, Arthur Avalon. Zile rangi saba za upinde wa mvua zilizopangwa chini hadi juu, unazoziona kwenye mabango na fulana, ni nyongeza ya Magharibi ya karne ya 20. Ungewauliza wanazuoni wa Kashmir chakra ni nini, wangekujibu kwamba ni mahali ambapo unaagizwa uweke fikra yako. Ni ramani ya kazi, kama vile solfa ilivyo ramani ya sauti. Hakuna anayepasua koo la mwimbaji kuitafuta do.

Kwa nchi iliyopitia vita vya tangu 1993 hadi 2005, na kisha msukosuko wa 2015, swali la kama mwili unaweza kufundishwa upya si la anasa. Yoga ya kawaida ya mikao na pumzi, ile ya hatha, ni mtoto wa tantra: maandiko yake ya mwanzo, kuanzia karne ya 11, yalitoka katika mazingira ya tantra ya Wabudha na ya waja wa Shiva. Mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 64 waliokuwa na madhara sugu ya kiwewe yasiyosikia tiba. Baada ya wiki 10, katika kundi la yoga asilimia 52 hawakutimiza tena vigezo vya ugonjwa ule; katika kundi lililopewa masomo ya afya walikuwa asilimia 21. Kule Kigali, kwa jirani, mradi uitwao Project Air ulianza mwaka 2007 kuwafundisha yoga wanawake waliobakwa katika mauaji ya 1994 na kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Hawakuanza kwa kuulizwa wasimulie yaliyowapata. Walianza kwa kunyoosha mikono. Kwa utamaduni wetu wa maziwa makuu, ambamo machozi ya mtu mzima humezwa na mambo ya nyumbani hayatolewi nje, mlango huo una faida yake.

Nirudi kwa yule wa kwanza, wa uhuni. Ni kweli zipo ibada za tantra, chache na za siri, zilizotumia vitu vitano vilivyokatazwa: mvinyo, nyama, samaki, nafaka iliyokaangwa na tendo la ndoa. Lengo lilikuwa kuivunja hofu ya najisi kwa mtu aliyelelewa akiiogopa kuliko mauti, na mikondo mingi iliweka vitu mbadala au ikaachia yote yafanyike katika fikra. Mmarekani Pierre Bernard mwanzoni mwa karne ya 20, na, kuanzia miaka ya 1970, Rajneesh, ambaye baadaye aliitwa Osho, waliichukua pembe hiyo ndogo na kuifanya nyumba nzima. Ushahidi ulio karibu nasi unasema vingine. Ananda Marga, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1955 Jamalpur, Bihar, na Prabhat Ranjan Sarkar, inajitangaza bila kificho kuwa ni ya yoga ya tantra. Imeigawa dunia katika kanda, na moja ya kanda hizo inaitwa Nairobi. Watawa wake, wanaume na wanawake, hawaoi wala hawaolewi; hawali nyama, hawanywi pombe, wanafunga. Anayekwenda huko akitafuta mishumaa na mafuta ataambiwa aamke mapema akae juu ya mkeka. Na kwa mambo ya unyumba, pwani ya Waswahili ina somo na kungwi, waliosomea kazi hiyo kwa mama zao. Hawana haja ya kuazima jina la Kisanskriti.

Wa pili, wa mapepo, ana hoja nzito kuliko anavyojua mwenyewe, na wanaomjibu kwa kusema "haya ni mazoezi tu" hawamtendei haki. Mantra nyingi za tantra ni majina ya miungu, na nyasa ni ibada. Baraza la Fatwa la Malaysia liliposema mwaka 2008 kwamba Mwislamu asifanye yoga inayochanganya mazoezi na maneno ya ibada ya dini nyingine, lilikuwa limeielewa tantra vizuri kuliko mwalimu wa mazoezi anayeitafsiri mantra kuwa "sauti nzuri". Barua ya Vatikani ya Oktoba 1989, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, ilionya kwamba joto na utulivu wa mwili visije vikadhaniwa kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Lakini barua hiyohiyo ilikubali kwamba njia za Mashariki zinaweza kumsaidia anayesali kujiandaa. Hata historia haikufunga mlango. Mwanazuoni Mwislamu Al-Biruni alikitia kitabu cha yoga katika Kiarabu karne ya 11. Baadaye kitabu kingine, Amritakunda, Kisima cha Uhai, chenye mambo ya tantra ndani yake, kilizunguka nchi za Waislamu kwa Kiarabu, na katika karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior, sheikh wa tarika ya Shattari, akakitoa kwa Kiajemi. Nakala yake yenye michoro ya mikao ya yoga imehifadhiwa Dublin. Masheikh wale walifanya uteuzi. Pumzi na mikao waliipokea, na majina mengi ya kigeni wakayabadili kwa majina ya Mwenyezi Mungu. Muumini wa Bujumbura hana sababu ya kuwa mjinga zaidi yao, wala jasiri zaidi yao.

Yupo wa tatu anayesema yoga ni ya watu wa mashirika wenye mikeka ya mazoezi ya bei mbaya. Pumzi haina bei. Tuendelee.

Linalobaki ni mwalimu, na hapa sina jibu la kumfurahisha mpenzi wa tantra. Mfumo wake wote unamtegemea. Mantra haichukuliwi kitabuni. Inatolewa kwa sikio, katika kitendo cha kumwingiza mwanafunzi kiitwacho diksha, na anayeitoa anapaswa kuonwa na mwanafunzi wake kama mlango wa Mungu. Mtu mwenye madaraka hayo juu ya pumzi na fikra za mwingine anaweza kumjenga, na anaweza kumbomoa. Yogi Bhajan, aliyesambaza yoga ya kundalini Marekani tangu 1969 na kujipa cheo cha Mahan Tantric, alifariki 2004 akiwa anaheshimiwa. Mwaka 2020 ripoti iliyoagizwa na jumuiya yake mwenyewe ilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba aliwadhulumu wafuasi wake kingono. Sogyal, lama wa Tibet aliyeuza vitabu kwa mamilioni, naye alitolewa ripoti ya namna hiyo mwaka 2018. Novemba 2023 polisi wa Ufaransa walimkamata Gregorian Bivolaru, Mromania mwenye mtandao wa shule za yoga ya tantra, kwa tuhuma za ubakaji na biashara ya watu. Mtetezi atasema, na atasema kweli, kwamba ugonjwa huu si wa Mashariki peke yake. Msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ulitoa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja mwaka 2023, na mahubiri ya kule hayakuwa na habari za chakra. Lakini ukweli huo unaikaza hoja yangu badala ya kuilegeza. Popote mwili unapotiwa mkononi mwa mtu mmoja asiyehojiwa, awe na mala au na Biblia, hatari ni ileile, na tantra imeujenga mkono huo kwa ustadi kuliko wengi.

Waandishi wake walilijua jambo hili. Kularnava, mojawapo ya vitabu vyao vinavyosomwa sana, kinalalamika kwamba walimu wanaowapokonya wanafunzi mali ni wengi na wanaowaondolea mashaka ya moyo ni wachache. Na mapokeo ya Tibet yanamtaka mwanafunzi amchunguze mwalimu kwa miaka, mpaka 12 ikibidi, kabla ya kumpa ahadi. Linganisha na soko la leo, ambamo cheti cha ualimu wa yoga kinachotambulika zaidi duniani kinahitaji saa 200. Kiongozi wa zikiri Buyenzi ana ijaza, na juu ya ijaza kuna silsila, mnyororo wa majina ya waliofundishana. Padri ana askofu. Mpiga ngoma ana kilima chake, ambako kila mzee anajua fimbo za ngoma alizipokea kwa nani. Siku tangazo la darasa la tantra litakapobandikwa mtaani Rohero, maswali ya kumpelekea aliyelibandika hayahitaji Kisanskriti: mlango wa chumba utakuwa wazi au umefungwa, mwalimu wako ni nani, naye alifundishwa na nani, na kati ya hao wote yupi aliye hai anayeweza kukuambia acha ukaacha?